Wimbo Una Mwenyewe

Ukiwa hosteli, fanya jaribio dogo. Waulize wenzako wakutajie wanawake watunzi wa nyimbo wa zamani katika Afrika Mashariki, wale wa enzi za bibi zetu kurudi nyuma. Siongelei wa Bongo Fleva, hao tunawajua hadi rangi za magari yao. Utatajiwa Siti binti Saad. Atakayejikaza ataongeza Bi Kidude. Baada ya hapo kimya, na mmoja atabadilisha mada aanze habari za bumu.

Sasa jiulize: ni kweli walikuwa wawili tu? Kwa miaka yote hiyo, kuanzia Lamu mpaka Kigoma, harusi zote, misiba yote, mavuno yote, watungaji wanawake ni wawili? Mimi ni mtoto wa Mpanda. Nimekulia kwenye nyimbo za akina mama, na jibu langu ni hapana. Watungaji ni wengi mno. Walioandikwa ndio wachache. Nitamtumia Siti mwenyewe kuonyesha kwamba kipaji peke yake hakijawahi kulifikisha jina la mtu kwa wajukuu, na kwamba kazi ya kuliandika jina ni ya watu wa aina yetu, watu wa daftari na simu. Hili ni deni, na sisi wanachuo ndio tunaodaiwa.

Tuanze na maisha yake, maana wengi tunalijua jina tu.

Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, karibu na mwaka 1880. Wazazi wake hawakumwita Siti. Walimwita Mtumwa, na jina hilo lilikuwa la watu waliopitia utumwa, halikuwa jina la majumba ya wakubwa. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Mnyamwezi wa upande wa Tabora, na mama yake Mzigua. Kwa hiyo tunaposema Siti ni nyota wa Pwani, tukumbuke kwamba upande wa baba anatokea huku kwetu magharibi. Mtu wa Mpanda akipanda treni kwenda mjini anapita Kaliua, kisha Tabora, ndipo safari inaelekea mashariki. Watu wa babu yake Siti walikuwa wa njia hiyo hiyo, kabla reli haijajengwa.

Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi. Mama anafinyanga vyungu, binti anavibeba kichwani mpaka mjini kuviuza, anapita mitaani akinadi. Hakupata shule. Sauti yake ilizoeleka kwanza kwa wateja wa vyungu, ndipo ikaja kuwa sauti ya muziki. Mwaka 1911 akahamia mjini Unguja. Huko akakutana na Ali Muhsin, mpiga udi, ambaye alimfundisha kuimba kwa kufuata ala. Baadaye akawa na kundi lake, yeye na wanaume wapiga ala, na ndipo jina la Siti, yaani bibi wa heshima, likamkaa. Mtumwa akawa Bibi. Peke yake hiyo ni stori ya kutosha.

Lakini muziki aliouingia haukuwa wa watu wa aina yake. Taarab ilikuwa burudani ya jumba la Sultani. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuileta kutoka Misri. Iliimbwa kwa Kiarabu, na wanaume ndio walioshika udi, fidla na maikrofoni ya zama zile, yaani koo zao. Hata kilabu cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa 1905 kilikuwa cha wanaume. Siti akaingia humo akiwa mwanamke, mtoto wa shamba, akaiimba taarab kwa Kiswahili, lugha ya wapishi, makuli, wafua nguo na wauza samaki wa Ng'ambo.

Akaimba nini? Hapa ndipo wengi tunapokosea, tunadhani taarab ni mapenzi na mafumbo ya mashoga wawili wanaogombana. Kundi la Siti liliimba habari za mjini mwao. Waliimba kesi za mahakamani, dhuluma za wenye uwezo, na wanawake wanaoonewa. Wimbo wa Kijiti, ambao baadaye Bi Kidude aliendelea kuuimba, unasimulia mwanamke aliyetoka bara, akachukuliwa kwenda kwenye starehe, akauawa. Mtuhumiwa akatoroka. Walioadhibiwa ni wanawake wawili waliojitokeza kutoa ushahidi, kwa sababu ya habari za pombe iliyonywewa siku ile. Soma tena sentensi hizo taratibu. Wimbo wa karibu miaka mia iliyopita unaeleza jambo ambalo leo tungeliita kumwadhibu shahidi na kumwacha mkosaji. Gazeti la wakati ule lingeweza kuandika mistari mitatu ya baridi. Mwanamke asiyesoma ndiye aliyeifanya kesi ile ibaki midomoni mwa watu.

Hakukosa maadui. Walimtungia wimbo wa kumdhihaki, wakamkumbusha kwamba juzi tu alitoka shamba. Naye hakwenda kushitaki kwa mtu. Alijibu kwa wimbo, kwamba sura na nasaba si lolote mbele ya akili. Hiyo ndiyo maana ya mtunzi: mtu anayejibu hoja kwa kazi yake.

Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya His Master's Voice ikamchukua yeye na kundi lake kwenda Bombay, India, kurekodi. Kumbuka ni mwanamke Mwafrika, Mwislamu, wa miaka ya 1920, anavuka bahari kwenda kuweka sauti yake kwenye sahani. Zikauzika. Kufikia 1931 santuri za Kiswahili za kampuni hiyo, ambazo nyimbo zake na za kundi lake zilikuwa ndio moyo wake, zilikuwa zimeuzwa zaidi ya 70,000. Kwa watu ambao gramafoni moja ilikuwa inasikilizwa na mtaa mzima, hiyo ni hesabu kubwa. Siti alifariki 1950. Kabla hajaondoka, Shaaban Robert alikwisha kuvutiwa na maisha yake, na ndiye aliyetuandikia Wasifu wa Siti binti Saad. Miaka mingi baadaye, wanahabari wanawake wa TAMWA walipotafuta jina la jarida lao, wakaliita Sauti ya Siti.

Sasa tulia kidogo tuangalie nini kimefanyika hapo. Kwa nini mimi na wewe, mwaka huu, tunaweza kumzungumzia mwanamke aliyezaliwa karibu na 1880 kwa jina lake, kijiji chake, mwalimu wake na mwaka wa safari yake? Kuna sababu tatu. Santuri ilishika sauti, kitabu kikashika maisha, na walioimba baada yake, Bi Kidude akiwa mbele, wakazishika nyimbo. Katika hizo tatu, mbili za kwanza hazikutoka mikononi mwake. Kampuni ilikuwa na mashine, Shaaban Robert alikuwa na kalamu. Siti alikuwa na kipaji, na kipaji kilitosha kumfanya Siti. Hakikutosha kumfikisha kwetu.

Mtu anaweza kusema, aah, hilo ni tatizo letu Waafrika kwa sababu ya kutegemea masimulizi ya mdomo, Wazungu wao waliandika kila kitu. Tusidanganyane. Twende Paris mara moja.

Louise Farrenc alizaliwa Paris mwaka 1804, katika familia ya wachonga sanamu. Alipiga piano, akatunga, na mwaka 1842 akateuliwa kuwa profesa wa piano katika Conservatoire ya Paris, chuo kikubwa cha muziki cha Ufaransa. Alifundisha pale miaka 30. Kwa karne nzima ile ya 19 hakuna mwanamke mwingine aliyeshika kwa kudumu nafasi ya daraja hilo katika chuo kile. Lakini kwa karibu miaka kumi ya mwanzo alilipwa chini ya maprofesa wanaume waliofanya kazi ile ile. Mwaka 1850 kazi yake ya ala tisa ikapigwa mbele ya watu, Joseph Joachim, mpiga fidla kijana aliyekuja kuwa maarufu sana, akiwa mmoja wa wapigaji. Watu wakaisifu. Yeye hakuridhika na makofi. Alidai mshahara sawa, na akaupata.

Mume wake, Aristide, alikuwa na kampuni ya kuchapa muziki, kwa hiyo kazi zake nyingi za piano zilichapwa akiwa hai. Ila simfonia zake tatu, zile kazi kubwa za okestra nzima, hazikuchapwa. Alifariki 1875, na jina lake likazama. Mji uliojaa karatasi, magazeti na maktaba ukamsahau profesa wake. Kilichomwokoa ni kwamba miswada yake ilibaki imehifadhiwa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, wasomi wakaifungua, simfonia zikachapwa, na leo zinapigwa na okestra kubwa za Ulaya na kwingineko.

Unaona funzo lilivyo? Farrenc alisahauliwa kama wanawake wengine wanavyosahauliwa, lakini karatasi ilikuwa na uwezo wa kumsubiri. Siti naye alisubiriwa na santuri na kitabu. Wimbo usioandikwa haumsubiri mtu. Ukifa na mwenyewe, umekwenda, au unabaki ukiimbwa bila mwenyewe, jambo ambalo nalo ni kifo cha aina yake.

Turudi nyumbani Katavi, maana hapo ndipo panaponiuma.

Mkoa wetu ulianzishwa rasmi 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa, na watu wengine wanaujua kwa viboko wa mbugani tu. Lakini kwa muziki ni mkoa tajiri kupindukia. Kuna Wapimbwe, Wabende na Wakonongo, wenyeji. Kuna Wafipa na Waha majirani. Kuna Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao na ngoma zao. Kuna Katumba na Mishamo, makazi ya watu waliokimbia Burundi baada ya mauaji ya 1972, ambao wengi wao leo ni Watanzania wenzetu. Mji wenyewe wa Mpanda ulikua kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi na reli iliyoletwa kutoka Kaliua, kwa hiyo tangu mwanzo ni mji wa watu waliokuja na nyimbo za kwao. Pita kipindi cha palizi, nenda kwenye harusi, msiba, mkutano wa vikoba, mazoezi ya kwaya jioni. Kila mahali kuna wimbo mpya, na mara nyingi sana aliyeuanzisha ni mwanamke.

Chukua mfano ambao kila mtu wa mkoani ameuona. Kiongozi mkubwa anakuja kufungua zahanati. Taarifa inafika leo, mgeni anakuja keshokutwa. Akina mama wanakusanyika, na kwa usiku mmoja wimbo umekamilika: jina la mgeni limo, jina la kijiji limo, shida ya maji imo, ombi la barabara limo, na vina vinakaa. Siku ya siku wanaimba, mgeni anasimama, anacheza kidogo, anatoa noti mbili tatu, picha zinapigwa. Kesho yake habari inatoka: "Kikundi cha akina mama kikitumbuiza." Jina la mgeni rasmi limo ndani ya wimbo, na jina la aliyetunga halimo popote. Yaani mtu amefanya kazi ya kumwandika mwenzake, yeye mwenyewe hakuandikwa na yeyote.

Ninamfahamu mama mmoja wa kwaya pale Mpanda. Hajui noti hata moja. Akitunga, anaanza na mstari mmoja akiwa shambani, anaujaribu na mapigo ya jembe, ukikubali anaongeza wa pili. Jioni anafika mazoezini na wimbo mzima kichwani. Anawapa sauti ya kwanza, anawaimbia sauti ya pili wale wa pili, halafu anawageukia wanaume na kuwaonyesha besi kwa kushusha sauti yake mpaka watu wanacheka. Baada ya wiki mbili mwalimu wa kwaya anautafutia kinanda. Wakienda studio, jalada la albamu linatoka na jina la kwaya, jina la mwalimu, namba ya simu ya mwenyekiti. Yeye yumo kwenye picha, mstari wa pili, wa nne kutoka kushoto. Simtaji jina hapa kwa sababu sijamwomba ruhusa, na ruhusa ndiyo hatua ya kwanza ya hili ninalolipigania. Nikipata ruhusa yake, mhariri anipe nusu ukurasa tu.

Najua pingamizi zitakazokuja, maana nimeshazijaribu kwenye mabishano ya usiku chumbani.

Pingamizi la kwanza: "Wimbo wa kijijini ni wa jamii, hauna mwenyewe. Unataka kutuletea ubinafsi wa kizungu." Hoja hii inasikika vizuri, na ina ukweli ndani yake. Nyimbo nyingi kweli ni za wote, zimepita vinywa mia, hakuna anayejua mwanzo wake. Hata nyimbo za kundi la Siti zilitungwa kwa kushirikiana, mmoja analeta habari, mwingine anatengeneza beti, mwingine muziki. Lakini angalia vizuri. Kutunga pamoja si sawa na kutokutungwa na mtu. Kama wametunga wanne, andika wanne. Mbona kwenye kazi ya kikundi darasani tunaandika majina ya wote, hadi yule ambaye hakuonekana kabisa na alituma meseji ya kuomba "msinisahau kwenye jina"? Tena kijijini wenyewe wanajua. Ukikaa na akina mama dakika kumi, watakwambia: huu ni wa fulani, aliutunga mwaka ule wa njaa, huu ni wa bibi fulani, alimtungia mkwe wake. Umiliki upo na heshima ipo. Ni sisi wageni wenye kamera tunaofika na kuandika "wimbo wa asili".

Na ajabu ni kwamba hoja ya "wimbo ni wa jamii" huwa inawaangukia wanawake zaidi. Mwanaume akitunga, anaitwa manju, anatambuliwa, anaalikwa mpaka wilaya nyingine na jina lake linatangulia. Usukumani mamanju wanajulikana kwa majina. Mwanamke akitunga, inakuwa "akina mama". Sipingi manju kuitwa manju. Nataka na mama aitwe kwa jina lake.

Pingamizi la pili: "Hata ukiandika jina, linamsaidia nini? Hela haipo." Hela ni suala la kweli, nitalifikia. Ila jina ndilo linalotangulia hela. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999. Chini ya sheria hii, kazi ya sanaa inalindwa kwa kule kutungwa kwake. Haisubiri kwanza isajiliwe. Mtunzi ana haki ya kufaidika na kazi yake, na ana haki nyingine ambayo haina uhusiano na shilingi: haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake. Kwa hiyo yule mama wa kwaya kisheria tayari ni mtunzi. Anachokosa ni ushahidi. Siku msanii wa mjini atakapouchukua wimbo wake akauwekea midundo, ukapigwa redioni nchi nzima, atathibitisha vipi? Kwa kuapa? Karatasi yenye jina, tarehe na mahali, na rekodi ya simu yenye sauti yake akisema "huu nimetunga mimi", ni vitu vidogo sana leo na vikubwa sana siku hiyo. Kumbuka Farrenc: alidai mshahara sawa akiwa na jina na kazi inayoonekana mkononi. Asiye na jina hata pa kuanzia kudai hana.

Pingamizi la tatu ndilo la kwetu zaidi: "Mimi nasoma kilimo," au uhasibu, au ualimu wa fizikia, "haya ni ya watu wa sanaa." Hapana ndugu yangu. Ali Muhsin alimfundisha Siti kwa sababu alikuwa jirani na kipaji. Shaaban Robert alifanya kazi ya ofisi serikalini kwa miaka mingi, na kuandika alikuwa akiandika. Wewe wa kilimo ndiye utakayepelekwa fildi kijijini miezi miwili, ukakaa na wakulima wa mpunga kule Mpimbwe au warina asali wa Inyonga. Wa ualimu atapangiwa shule ya mbali kabisa. Wa afya atakaa zahanati. Watu wa sanaa wa Dar es Salaam hawataifika Mishamo. Wewe utafika, tena ukiwa na simu yenye kinasa sauti bora kuliko mashine iliyomrekodi Siti kule Bombay.

Lipo jambo moja ambalo nalikubali bila ubishi. Si kila wimbo ni wa kutolewa nje. Nyimbo za unyago na mambo ya ndani ya wanawake zina mipaka yake, na mipaka hiyo waliiweka wenyewe. Ukiambiwa huu haurekodiwi, weka simu mfukoni. Na hata ule unaorekodiwa, usiurushe kwenye makundi ya WhatsApp kama kichekesho. Tunaenda kuandika jina la mtu, hatuendi kumvua nguo.

Sasa tufanye nini? Nina mapendekezo matatu, na hayahitaji bajeti ya kuogopesha.

Kwanza, kila mwanachuo anayekwenda likizo au fildi aandike wimbo mmoja tu. Wimbo mmoja, kwa ruhusa. Aandike mambo matano: jina la mtunzi kama mwenyewe anavyotaka liandikwe, kijiji, mwaka au tukio lililozaa wimbo, lugha ya wimbo, na walioshirikiana naye. Aongeze maneno ya wimbo na rekodi. Nakala moja abaki nayo mama mwenyewe, ikiwezekana imechapwa, maana si haki tuchukue halafu tumwachie mikono mitupu. Tukiwa wanafunzi mia moja tu wa mkoa mmoja, tuna nyimbo mia moja zenye wenyewe.

Pili, viongozi wa serikali za wanafunzi, kwenye vyuo vyote, wabadilishe ratiba za sherehe. Mahafali, makaribisho ya mwaka wa kwanza, wiki ya utamaduni, kote tunaalika vikundi au tunaimba nyimbo za makwetu. Ratiba ina jina la mgeni rasmi, jina la mshereheshaji, jina la DJ. Iwe na jina la mtunzi. Na kwenye malipo iwe hivyo hivyo. Mshereheshaji analipwa, spika zinakodiwa kwa hela, keki inalipiwa, halafu kikundi cha ngoma kinapewa soda na asante. Kama kuna fungu la muziki, mtunzi awe na sehemu yake hata ikiwa ndogo. Mtu anayelipwa anaulizwa jina ili asaini. Hapo hapo jina linaingia kwenye kumbukumbu.

Tatu, jarida hili litenge nafasi kila toleo. Si lazima iwe makala ndefu. Jina, picha kama amekubali, wimbo wake, na maneno machache ya jinsi anavyotunga. Nakala za jarida ziende maktaba ya chuo. Miswada ya Farrenc ililala zaidi ya miaka mia moja kabla haijafunguliwa. Hata sisi tukilala maktaba miaka hamsini bila kusomwa, kuna mtafiti atakuja.

Watu wanapenda kumtumia Siti kama mfano wa "ukijituma utafika". Mimi namsoma tofauti kidogo. Wakati Siti anaimba Unguja, kulikuwa na wanawake wenye koo na akili kama zake wakitunga nyimbo Tabora, Ujiji, Inyonga na Karema. Walijituma nao. Santuri haikufika kwao na kalamu haikufika. Hao wameshapotea, na hatuwezi kuwarudisha kwa maombolezo. Wa leo bado wapo hai, wana simu, baadhi yao ni mama zetu na shangazi zetu, na jioni hii watakuwa mazoezini.

Kwa hiyo ukishuka stesheni ya Mpanda likizo hii, au stendi yoyote ya kwenu, beba daftari. Utakapousikia wimbo uliokugusa, usiishie kupiga makofi. Sogea, salimia kwa adabu, shikamoo yako itangulie, kisha uliza: mama, huu ametunga nani?

Akikutajia, andika.